Chumba cha Maneno Mafupi

Kazi ya kutengeneza ile kamusi iligawanywa kwa urefu wa maneno. Taarifa iliyopelekwa wizarani ilisema imegawanywa "kwa kuzingatia taaluma na uzoefu", lakini waliokuwapo siku ile wanajua kilichotokea. Mkuu wa ofisi alitandaza mezani orodha ya maneno yote ya Kiingereza yaliyotakiwa kufasiriwa kwa Kiswahili, akayapima kwa jicho kama mtu anayenunua kamba. Maneno ya herufi kumi na kuendelea akampa Msomi, ambaye alikuwa amesoma ng'ambo na kutundika shahada mbili ukutani. Ya kati akawapa wasaidizi wawili wa chumba cha kati. Yakabaki mafupi, ya herufi mbili hadi nne: 'set', 'get', 'put', 'run', 'bit', 'bat', 'up'. Mkuu akayatazama kama mtu anayetazama makombo, halafu akamkumbuka mpiga chapa.

"Mama, hivi vitu vidogo vidogo wiki mbili zitakutosha?"

"Zitanitosha, Mkuu," akajibu mpiga chapa.

Hakusema uongo. Aliamini kabisa kwamba zitamtosha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mke wa mwashi, mama wa watoto watatu ambao kila mmoja alikuwa na kwake, na Kiingereza chake kilikuwa kile cha miaka minne ya sekondari pamoja na barua elfu kadhaa alizopiga chapa bila kukosea. Akapewa chumba cha chini, kile kilichokuwa kikihifadhi mafagio, akapewa na kadi nyeupe mafungu mawili. Miaka sita baadaye alikuwa bado mle chumbani, mafagio yameondoka, ukuta mzima umejaa maboksi ya viatu yaliyojaa kadi, na hakuna aliyekumbuka jina lake la kuzaliwa. Ofisi nzima ilimwita Mama Kadi.

Alianza na 'set', kwa kuwa aliliona jepesi. Kila mwaka alikuwa akipiga chapa orodha ya mali ya ofisi yenye "seti moja ya viti", basi akachukua kadi ya kwanza, akaandika 'set', mbele yake akaandika seti, akaona kazi imekwisha na bado hajamaliza hata chai. Ili moyo utulie, akafungua lile kamusi kubwa la Kiingereza lililokuwa likitumika kuzuia mlango usijifunge. Akasoma ukurasa wa kwanza wa 'set'. Akafunua wa pili, 'set' bado inaendelea. Akafunua wa tatu, akalamba kidole kuhakikisha kwamba kurasa hazijagandana. Alipofika maana ya mia moja na kitu aliacha kuhesabu, akakaa anautazama ukuta, na chai ikapoa.

Nao wengine wangefanyaje? Wangeandika "weka", wakaenda zao. Hata yeye alijaribu. Jioni ile, wakati wa chakula, alimsomea mumewe sentensi alizokuwa amezifasiri mchana.

"'Saruji imeweka,'" akasoma.

Mwashi akaacha kutafuna. "Imeweka nini?"

"Imeweka tu. Ndivyo ilivyo kwenye kitabu."

Mwashi alicheka hadi kijiko kikamdondoka. "Saruji haiweki, mama watoto. Saruji inashika. Ukimwambia kibarua wangu kwamba saruji imeweka, atakuuliza imeiweka wapi ili akaichukue."

Mama Kadi hakucheka. Aliinuka, akaenda kunawa mikono, akaichukua kadi na kuandika: kushika. Neno lilikaa pale kadini sawasawa, kama lilikuwa likimsubiri. Basi usiku ule aliamua jambo ambalo ofisi haikuwa imeliamua, kwamba neno haliulizwi kwa kitabu, linaulizwa kwa mwenye kazi.

Kuanzia hapo hakukalika chumbani. Alikwenda hospitali, wodi ya mifupa, akamwuliza mhudumu wanaufanya nini mfupa uliovunjika, akaambiwa wanauunga. Alikwenda kwa sonara, akasimama dirishani nusu saa hadi sonara akaingiwa na wasiwasi, kumbe alitaka tu kujua kito kinafanywaje ili kikae kwenye pete. Kinapachikwa, sonara akasema, na alipoulizwa tena akasema tena, kwa hasira kidogo. Mwalimu jirani yake alimwambia mtihani unatungwa. Mfuga kuku alimwambia kuku anaatamia, akamwonyesha na kuku mwenyewe, ambaye hakufurahia ugeni. Panya anategewa mtego, meza inaandaliwa, maziwa yanaganda, jua linatua. Mbwa mkali anafunguliwa ili amkimbize mwizi, na hapo alipata maelezo marefu kuliko aliyohitaji kutoka kwa mlinzi wa getini, ambaye alikuwa na kovu.

Kila jioni alirudi na kadi tano sita kwenye mkoba, na jambo lililompata wakati ule sina budi kulisema wazi: alianza kuipenda kazi ile mapenzi ya kweli. Kwa macho yake, Kiingereza kilikuwa na kibarua mmoja tu, huyo 'set', aliyetumwa kila mahali, asubuhi apachike vito, mchana aunge mifupa, jioni azamishe jua, na mshahara uleule. Kiswahili kilikuwa kimeajiri fundi kwa kila kazi. Mafundi wote hao walikuwapo tangu zamani, mtaani, jikoni, gereji, na hakuna aliyewahi kuwaita mahali pamoja waonane. Yeye ndiye alikuwa akiwaita.

'Set' ilimla miezi minane. Baada ya hapo akaingia kwenye ule ukoo wa 'bit', 'beat', 'bet', 'bat' na 'but', ambao ni balaa la namna nyingine, maana kila mmoja ana kazi zake chungu nzima na juu ya hapo wamefanana sauti kama mapacha. Tarishi wa ofisi aliwahi kuchukua kadi zote za 'beat', za moyo unaodunda na mayai yanayopigwa na askari aliye doria, akazisukumia kwenye boksi la 'bit' pamoja na ncha za keekee za seremala na lijamu za farasi. Mama Kadi alikaa siku tatu sakafuni akizitenganisha. Tangu siku ile akapaka kila boksi rangi yake, na kila asubuhi kabla ya kuanza kazi aliyataja maneno yale kwa sauti, moja moja, ili ulimi usizoee uvivu. Mlinzi wa getini alidhani ni kwikwi. Mara mbili alimletea maji.

Haya yote hayakuonekana ubaoni.

Ubao ulikuwa ukutani kwa Mkuu, na kila mwisho wa mwezi wafanyakazi walikusanyika mbele yake. Kulikuwa na mistari ya chaki, majina upande mmoja, na mbele ya kila jina idadi ya maneno yaliyokamilika. Mbele ya Msomi palikuwa na tisini, au themanini na nane, au tisini na tatu. Msomi hakuwa mvivu, tusimsingizie. Ila maneno yake yalikuwa na adabu. 'Photosynthesis' lina herufi kumi na nne na jambo moja tu la kusema. Unaliandikia usanisinuru, linakushukuru, linakwenda zake. 'Democracy' lilikuwa fupi kidogo kwa sheria ya Mkuu, lakini Msomi aliliomba kwa ajili ya heshima yake, akalimaliza kabla hajaketi. Mbele ya Mama Kadi palikuwa na moja. Mwezi uliofuata sifuri. Kisha sifuri, kisha moja.

"Mama yetu," Mkuu alisema kila ilipoandikwa moja, kwa upole unaouma kuliko matusi, "mwezi mzima, neno moja, nalo la herufi tatu. Maana yake herufi moja kwa siku kumi."

Wenzake walicheka. Yeye naye alicheka, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Kwa miaka sita alikuwa amekamilisha maneno thelathini na moja. Ndani ya maboksi kulikuwa na kadi nyingine elfu moja mia tatu themanini na sita, lakini kadi hazikuwa na safu yake ubaoni. Halafu mwaka wa saba ukaanza, na wizara ikaleta barua kwamba kamusi lazima iende kwa mchapaji wa serikali, na Mkuu akaitisha kikao cha dharura.

"Tunapunguza," akasema. "Maneno mafupi yatapewa maelezo mafupi. Mstari mmoja kila neno. Msomi atayapitia yote mwisho wa mwezi ujao. Itamchukua muda gani?"

"Siku nne," akasema Msomi. "Tano, kwa sababu kuna Ijumaa katikati."

Mama Kadi aliuliza: "Na kadi zangu, Mkuu?"

"Kadi tutazigeuza, tutaandikia upande wa pili. Hatupotezi kitu."

Siku ile alirudi nyumbani kwa miguu, hakuona alipokanyaga. Hakuwa mtu wa kugomba, na umri wa kustaafu ulikuwa unamchungulia. Angeweza kunyamaza. Lakini alifikiria kwamba mtoto wa mtu atafungua kamusi ile mwakani, atafute 'set', akute "weka", aandike kwenye daftari lake kwamba jua limeweka. Alifikiria wale wote, sonara na hasira zake, mhudumu wa wodi, mfuga kuku na kuku wake, wamegeuzwa kifudifudi na kuandikiwa mgongoni. Alilia, tena si kidogo. Mwashi alimkuta ameketi kwenye kibaraza na viatu mkononi.

"Nani kafa?"

Akamweleza. Mwashi alisikiliza huku akikwangua saruji iliyokauka kwenye kucha zake, na mwisho akauliza swali ambalo msomi yeyote angeona haya kuliuliza.

"Kwani wao wanahesabu nini?"

"Maneno."

"Basi ndiyo maana unaonekana hufanyi kazi. Mimi wananihesabia matofali. Wangenihesabia nyumba, mwaka mzima ningeandikiwa moja, tena na nusu yake ningedaiwa."

Mama Kadi aliacha kulia. Alikumbuka mwongozo wa wizara, ambao aliupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe, nakala sita, na ambao pengine yeye peke yake ndiye aliyeusoma hadi mwisho. Ulisema hivi: "Neno ni kadi yenye mhuri wa namba." Hapakuwa na zaidi. Kwa miaka yote sita alikuwa amepiga mhuri kadi ya kwanza tu ya kila neno, na zile nyingine akazifunga nyuma yake kwa pini, kwa kuwa aliona huo ndio uungwana. Sasa akajiuliza kama 'set' ya saruji na 'set' ya mtihani ni ndugu kweli, au ni watu wawili waliogongana majina. Hakujua. Kamusi kubwa halikujua. Akaona kama hakuna ajuaye, basi kila mmoja na apewe namba yake.

Asubuhi alichukua mhuri kutoka masjala. Ulikuwa mhuri wa mpini wa mbao, wenye namba zinazojisogeza zenyewe kila ukipigwa, na hakuna aliyemwuliza anaupeleka wapi, kwa sababu hakuna aliyedhani mtu anaweza kuwa na haja nao kupita mara moja kwa mwezi. Alipiga mhuri siku nne. Siku ya pili bega lilimvimba, siku ya tatu wino uliisha akaazima kwa posta. Alipomaliza alipanga maboksi, akafuta meza, akaenda kuripoti.

Mwisho wa mwezi ulipofika, karani aliyeandika ubaoni alisimama na chaki hewani.

"Mkuu, hii haiingii kwenye mstari."

"Andika ndogo ndogo."

Akaandika: 1,386. Mkuu alivua miwani, akaivaa. Akashuka mwenyewe chumba cha chini, akafungua boksi moja, akafungua la pili, akakuta kila kadi ina mhuri, na kila mhuri una namba yake, wino mweusi, hauna doa. Aliporudi juu alikuwa amebadilika uso. Kwa miaka mitatu wizara ilikuwa ikimwandikia barua za kumwuliza ofisi yake inafanya nini.

Msomi alisimama. "Mkuu, kwa heshima zote, hizo ni maana tu. Neno ni lilelile."

"Zina mhuri?"

"Zina mhuri, lakini—"

"Basi ni maneno."

Taarifa ilikwenda wizarani mchana uleule, kwa pikipiki, na majibu yalirudi na pongezi mbili, moja ya Mkuu na nyingine ya Mkuu pia. Msomi alipokumbusha kwamba maneno mafupi yalikuwa yapunguzwe yawe mstari mmoja mmoja, Mkuu alimtazama kama mtu aliyependekeza ofisi ichomwe moto. "Unataka nikawaambie wizarani kwamba maneno elfu moja na zaidi yamepotea mikononi mwangu?" Hapo ndipo kadi za Mama Kadi zilipopona. Zilichapwa zote katika juzuu la kwanza, hadi ya mbwa wa mlinzi. Sitaki kusema kwamba akili ilishinda. Kilichoshinda ni mhuri.

Mwanamke yule angeishia hapo, angekuwa na furaha yake hadi leo. Lakini ofisi ile ilikuwa na desturi ya kuzawadia. Aliyeongoza ubaoni hupanda, na aliye nyuma hushuka. Mama Kadi akaitwa mbele ya wote, akapewa cheti chenye ua la dhahabu pembeni, na Mkuu akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu amepandishwa ghorofani, kwenye maneno marefu. Msomi, ambaye tisini zake zilikuwa zimegeuka ghafla kuwa kitu cha aibu, angeshuka chini kumalizia mafupi yaliyobaki.

Mama Kadi aliyafikiria mafupi yake. Yaliyobaki yalikuwa 'get', 'put', 'run', 'take', 'up', na jamaa zao. Ndiyo matamu kuliko yote. 'Get' alikuwa ameliacha la mwisho kwa makusudi, kama mtu anayesogeza mnofu pembeni mwa sahani.

"Mkuu, mimi nimezoea kule chini."

"Usiwe mnyenyekevu kupita kiasi, mama. Umestahili."

Chumba cha ghorofani kilikuwa na dirisha, feni na kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza alikamilisha maneno manane kabla ya saa nne asubuhi, kisha akakaa anazunguka na kiti. 'Industrialisation' halikumtuma kwa mtu yeyote. Hakuna fundi wa kumwuliza, hakuna kuku. Alifuta vumbi dirishani, akafuta tena. Wiki ya pili alianza kuota ncha za keekee.

Jumatano ya wiki hiyo mlango uligongwa, akaingia Msomi. Tai ilikuwa imelegea.

"Mama, nisamehe kukusumbua. Hili 'get'..."

"Limefanya nini?"

"Niliandika 'pata'. Nikalimaliza dakika moja. Halafu nikasema hebu nilijaribu kidogo, kwa uhakika tu. Sentensi kumi na moja, mama. Pata imekufa katika tisa." Aliketi bila kukaribishwa. "Hili neno lina wazimu."

Mama Kadi alimtazama, na hapo, nakiri kwa niaba yake, wazo lililomjia halikuwa la kiutu tu. Chini ndiko kwenye kadi nyingi, na kila kadi sasa ina mhuri wake. Huyu bwana akifundwa vizuri atapiga mihuri mia tatu kwa mwezi. Ataongoza ubaoni. Akiongoza atapandishwa, na yeye, akijitahidi kuwa nyuma, atashushwa. Kwa hiyo jinsi atakavyomfundisha vizuri zaidi, ndivyo atakavyorudi chini mapema zaidi. Ilikuwa hesabu safi, isiyo na kosa hata moja.

"Umekwenda kwa nani?" akamwuliza.

"Kwenda wapi?"

Mama Kadi akachukua karatasi, akamwandikia mahali na watu: mwashi, anayepatikana kwenye jengo la ghorofa mbili nyuma ya soko, sonara, asiulizwe jambo lilelile mara mbili, mhudumu wa wodi ya mifupa, baada ya saa nane, mfuga kuku, avae viatu vya zamani. Msomi alikwenda kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Mwashi alieleza baadaye, kwa furaha kubwa, kwamba bwana yule alisimama kwenye zege bichi kwa nusu saa akiandika, hadi ikabidi amwambie, "Bosi, ondoa miguu, saruji inashika."

Lakini Msomi alirudi tena kesho yake. Akarudi na keshokutwa. Mara mbili kwa wiki alipanda ghorofani na kadi zake, na Mama Kadi alizipitia moja moja, akamkemea palipotakiwa. "Hii umeitoa kichwani, mwanangu. Nani kakwambia?" Msomi aliinamisha kichwa, akachukua mkoba, akatoka tena. Huko ghorofani Mama Kadi aliifanya kazi yake kwa uvivu wa makusudi, maneno mawili kwa siku, na mengine akayaficha chini ya droo ili yasihesabiwe. Tangu aajiriwe hakuwahi kuwa mzembe, na aligundua kwamba ni kazi ngumu kuliko alivyodhani.

Mwezi wa nne tangu wabadilishane vyumba, mambo yalitimia. Karani aliandika ubaoni: Msomi, mia tatu na kumi na mbili. Mama Kadi, arobaini na moja, wa mwisho kwa mbali. Mkuu akasimama na cheti chenye ua la dhahabu mkononi.

"Desturi ni desturi," akasema. "Msomi, umetutoa kimasomaso, unarudi juu kwenye nafasi yako. Mama yetu, usijisikie vibaya, maneno marefu si ya kila mtu. Utashuka."

Mama Kadi aliinamisha uso, ili wasione anavyotabasamu. Mkoba wake ulikuwa umeshafungwa tangu jana.

"Naomba nikatae, Mkuu," akasema Msomi.

Watu waligeuka. Kucha zake zilikuwa na saruji, na kwenye bega la shati palikuwa na kitu kilichotoka kwa kuku. Hakuwa na aibu ya chochote kati ya hivyo.

"'Put' na 'run' nimeyamaliza, sasa nimerudi katikati ya 'get'," akasema. "Nimefika maana ya sabini na nne. Bado sijakwenda kwa wakunga, na kuna fundi redio mmoja ameniahidi Alhamisi. Miaka sita nilikuwa nafasiri maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyatamka. Sasa ndiyo nafanya kazi. Niacheni palepale, na cheti mpeni mtu mwingine."

"Unyenyekevu umekuwa ugonjwa katika ofisi hii," Mkuu akalalamika. Kisha akamgeukia Mama Kadi, kwa sababu ubao ni ubao na lazima mtu ashuke. "Chumba cha chini kina meza moja tu. Mama, wewe ndiye uliyekianzisha. Ukisema unakitaka, ni chako, na huyu atapanda apende asipende. Unasemaje?"

Ilikuwa sentensi moja tu. Nakitaka. Alikuwa nayo mdomoni, tayari. Alimwonea Msomi wivu kiasi cha kumchoma kifuani, wivu wa mtu anayemwona mwingine akila chakula alichokipika mwenyewe. Akamtazama. Msomi hakuwa akimtazama yeye wala Mkuu. Alikuwa ameshusha macho kwenye kadi aliyoitoa mfukoni, midomo inacheza, anajisomea kitu kwa sauti ya chini, na kwa namna midomo ilivyocheza Mama Kadi alijua kwamba ni neno fupi.

"Mwacheni aendelee," akasema. "Anaijua kazi."

Kikao kikafungwa. Alipanda ngazi taratibu, akafungua mkoba, akapanga vitu vyake upya juu ya meza, akaketi kwenye kiti kinachozunguka. Lililokuwa zamu yake siku ile ni 'internationalisation', herufi ishirini. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amelimaliza, na siku nzima ilikuwa bado iko mbele yake.